Shakwe, Nzige na Sumu ya Zamani

Ukifika Kasesya, pale mpakani mwetu na Zambia, utakuta malori yanangoja mihuri, utawakuta akina mama na magunia ya maharage, na hutakosa kusikia bei ya dagaa waliotoka Kasanga au Mpulungu. Ndege ninayetaka kumzungumzia wiki hii hana shughuli hapo juu. Yeye yuko chini ziwani, anawazunguka wavuvi wa dagaa hao hao na kupiga kelele. Ni shakwe.

Nilipomwuliza mzee mmoja wa Kasesya habari za shakwe, alinicheka. "Mwanangu," akasema, "sisi hapa ndege tuliyemwogopa ni mmoja tu, nzige." Nzige si ndege, sote tunajua, lakini mzee yule, pengine bila kukusudia, alikuwa amenionyesha njia.

Kwanza tumfahamu mhusika mwenyewe. Katika maziwa yetu wapo shakwe wa namna mbili wanaohusika na kisa hiki. Wa kwanza ni mwenyeji: ndege wa sentimeta 40 hivi, mdomo na miguu myekundu, ambaye wakati wa kuzaa kichwa chake huvaa rangi ya kijivu kama kofia. Hutaga mayai mawili au matatu, tena kwa makundi, kwenye visiwa na matete. Jamaa zake wako hata Amerika ya Kusini, na hana dalili ya kwisha duniani. Huyu tumwache na dagaa wake.

Wa pili ni mgeni. Mgongo wake ni mweusi, miguu ya manjano, na kwao ni Finland na nchi jirani za kaskazini ya Ulaya. Baridi ikikaribia hufunga safari ya zaidi ya kilometa 6,000, anavuka jangwa, anakuja kukaa Ziwa Victoria na maziwa ya Bonde la Ufa, Tanganyika likiwemo. Machi na Aprili hurudi kwao kuzaa. Hagongewi muhuri popote.

Sasa turudi kwa nzige wa mzee. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walizagaa karibu nusu yote ya kusini ya Afrika, wakala mashamba ya watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Rukwa. Chimbuko lao lilikuwa nyanda za majani za Ziwa Rukwa, pamoja na Mweru wa Ntipa upande wa pili wa mpaka. Mwaka 1949 serikali za kikoloni zikaunda shirika la kimataifa la kupambana nao, makao yake makuu yakawa Abercorn, mji tunaouita leo Mbala. Ukitoka Kasesya ukaingia Zambia, barabara inakupeleka huko huko.

Shirika lile liliajiri watu waliojua kutazama. Mmoja wao, Vesey-FitzGerald, aliyachunguza majani ya Rukwa yanavyofuata maji kupanda na kushuka, na mwaka 1960 yeye na mwenzake Beesley walichapisha orodha ya ndege wa Bonde la Rukwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Nionavyo mimi ni jambo la kuchekesha kidogo: tuliwaita watu waje kuua wadudu, wakatuachia daftari la ndege.

Lakini walikuwa na sumu pia. Zama zile dawa zilizotegemewa dhidi ya nzige katika Afrika zilikuwa BHC na baadaye dieldrin, ndugu wa DDT. Na DDT yenyewe ilikuwa kila mahali, kwenye pamba, kwenye kuta za nyumba kwa ajili ya mbu. Ubaya wa ukoo huu wa sumu ni kwamba hauozi upesi. Unakaa katika mafuta ya mwili: mdudu anao kidogo, samaki aliyekula wadudu wengi anao zaidi, na ndege aliyekula samaki wengi anao mwingi kuliko wote. Ndege hawezi kuutapika. Akitaga, anautia ndani ya yai.

Huko Finland, watu wa Ghuba ya Finland waliona shakwe wao mweusi anapungua mwaka hata mwaka. Mayai yalianguliwa vizuri, kisha vifaranga vikafa. Mwaka 2004 mtafiti Martti Hario na wenzake walieleza walichokikuta: vifaranga wenye maini mabovu, na ndani yake mabaki mengi ya DDT. Tuhuma ikaelekezwa Afrika Mashariki, ambako wazazi wao hukaa miezi ya baridi. Tusikubali lawama yote, maana huko huko kwao kuna shakwe mwingine, mkubwa, aliyenona kwa majalala ya miji, naye hula vifaranga vya mwenzake. Hata hivyo, sumu ile haikuanzia kwa jalala. Wala si sisi tulioitengeneza. Tuliletewa katika mapipa.

Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka DDT na dieldrin katika orodha ya sumu kumi na mbili za kwanza kudhibitiwa, DDT ikiachiwa nafasi kwa ajili ya mbu wa malaria. Nzige, kwa upande wao, hawakusaini kitu. Mwaka 2009 walizaliana tena kwa wingi katika nyanda za Iku huko Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi. Safari hii ndege za shirika la nzige hazikumwaga dieldrin. Zilinyunyizia kuvu, mbegu za ukungu unaomwota nzige mwilini, katika eneo lililokaribia hekta 10,000. FAO ilisema chakula cha watu zaidi ya milioni 15 kilikuwa hatarini.

Kuvu huyo haui papo hapo. Nzige hulegea kwanza, wiki moja hadi tatu, akawa hawezi kuruka vizuri, na katika siku hizo ndege na mijusi humwokota kama karanga. Wanakula, na hawadhuriki.