Lugha kama Shahidi wa Historia katika Pwani ya Ruvuma

Yeyote anayeandika historia ya watu wa pwani ya Mtwara hukutana mapema na uhaba wa maandishi. Kilwa ina Tarihi yake, iliyotungwa kwa Kiarabu, na muhtasari wa habari zake ulichapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552. Lakini kwa nchi iliyo kati ya Mikindani na mlango wa mto Ruvuma, maandishi ya kale ni machache mno. Ndiyo sababu waandishi wengi huigeukia lugha na kuiita shahidi. Katika makala haya tunakusudia kuuliza: shahidi huyu aliona nini, na ni jambo gani hawezi kulishuhudia? Swali hili si la wataalamu peke yao. Majibu mabaya ya swali hili yaliwahi kutumika kuwaambia Waafrika kwamba kila lililo jema katika historia yao liliundwa na wageni.

Tuanze na jina lililo karibu. Chikongola ni kata ya mji wa Mtwara. Jina hilo huanza kwa chi-. Katika Chimakonde na Chiyao, ngeli ambayo Kiswahili huitia ki- hutiwa chi-. Ng'ambo ya Ruvuma Wamakonde wa Msumbiji huita lugha yao Shimakonde, na Wamakua huita yao Emakhuwa, kwa maana kwao ngeli hiyo huchukua e-. Kwa hiyo umbo la jina latuelekeza kwa wasemaji wa Chimakonde au lugha jirani yake, kuliko kwa Wamakua au wasemaji wa Kiswahili cha Unguja. Hapo ushahidi unakoma. Jina halisemi ni nani aliyefyeka msitu wa kwanza, wala mwaka gani, wala kama alimkuta mwingine hapo. Tena majina hupita katika kalamu za makarani na wachora ramani: Kitangari na Kitaya zimo katika nchi ya Wamakonde, nazo huandikwa kwa ki-.

Hata silabi yenyewe yaweza kudanganya. Ki- ya neno kitabu ni sehemu ya neno la Kiarabu, lakini Waswahili waliisikia kama kiambishi, wakasema vitabu. Mfanano wa umbo peke yake, basi, si ushahidi wa asili.

Ushahidi wenye nguvu ni ulinganifu wa sauti unaojirudia. Waganda husema enjala, Wanyanja njala, Wazulu indlala. Mswahili husema njaa. Lugha hizi zimetengana kwa maelfu ya kilomita, nazo zimeitunza l ambayo Kiswahili kimeipoteza. Msomaji asiyejua lugha hizo anaweza kuipata l hiyo kinywani mwake mwenyewe: twasema kaa lakini kalia, vaa lakini valia, zaa lakini zaliwa. Sauti iliyofutika mwishoni ingali hai katikati ya neno. Kanuni hii ina mipaka, kwa maana neno lala halijapoteza l zake, na mtafiti mwaminifu hana budi kueleza sababu badala ya kulificha. Lakini ushahidi wa namna hii hauwezi kuelezwa kwa bahati wala kwa kuazima. Huonyesha kwamba mifupa ya Kiswahili ni ya Kibantu, hata kama kimeazima maneno mengi ya Kiarabu.

Twapaswa pia kuuliza ushahidi ulikusanywaje. Mwaka 1854 Sigismund Wilhelm Koelle, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alichapisha Polyglotta Africana. Aliikusanya Freetown, Sierra Leone, kutoka vinywani mwa watu waliokombolewa katika merikebu za watumwa. Miongoni mwao walikuwamo wasemaji wa Kimakua na wa lugha aliyoiandika kwa jina Muntu, ambayo wataalamu huitambua kuwa Chiyao. Tazama jina hilo: maana yake ni mtu tu. Orodha hizo za maneno ni hazina, lakini kila safu ilitegemea kumbukumbu za watu wachache sana, waliong'olewa kwao na kuishi miaka mingi mbali na wasemaji wenzao. Atumiaye safu hiyo bila kukumbuka hali ya aliyeitamka hukosa haki na hukosa pia usahihi.

Kosa kubwa zaidi hutokea lugha inapoulizwa habari za damu. Carl Meinhof, mchungaji wa Pomerania, alitoa mwaka 1899 kitabu juu ya sauti za lugha za Kibantu, na kwa kazi hiyo isimu ingali inamshukuru. Lakini mwaka 1912 alitoa kingine juu ya lugha alizoziita za Kihamu, akaweka humo Kisomali, Kifulani, Kimaasai na Kinama pamoja, na nyuma yake kukawa na sura ya Felix von Luschan juu ya maumbile ya miili ya watu. Jina lenyewe lilichukuliwa kutoka Mwanzo 10, sura isiyosema lolote juu ya sarufi wala rangi ya ngozi. Joseph Greenberg, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alilivunja kundi hilo kwa kulinganisha lugha kwa maneno na viambishi vyake tu, na Kimaasai kikarudi kwa ndugu zake wa Kiniloti. Hata hivyo, kwa miaka mingi shule zilikuwa zimefundisha kwamba Wahamu walileta ustaarabu.

Jaribu hilo halijaisha. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800 hivi, wakiwamo wa Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana kwamba wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na asili ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Wengine walisema: basi Tarihi ya Kilwa imeshinda, na wanaisimu wameshindwa. Sivyo. Mashahidi hao hawapingani. Vinasaba hueleza wazazi wa watu fulani waliozikwa mahali pa heshima. Lugha hueleza ni usemi gani watoto walirithi. Baba aweza kuwa ametoka Uajemi, na mtoto akasema zaliwa kama mama yake.

Kwa hiyo twawasihi wanafunzi wanaokusanya historia za sharika na vijiji vya Kusini wamwulize kila shahidi jambo aliloliona tu. Jina liulizwe juu ya kinywa kilichoita, sauti juu ya undugu wa lugha, masimulizi juu ya jinsi watu walivyotaka kukumbukwa, na mifupa juu ya wazazi. Mzee wa Chikongola asemaye kwamba babu zake walitoka ng'ambo ya Ruvuma asinyamazishwe kwa silabi moja, wala silabi hiyo isidharauliwe kwa sababu ya masimulizi yake. Yote mawili yaandikwe, kila moja kwa jina lake, ili atakayekuja baada yetu aweze kupima.