Noti Mabegani mwa Mshairi

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni mwa kikundi cha taarabu, huko Ng'ambo, Unguja. Nakata tiketi, na onyesho likimalizika nahesabu fedha za kutunza. Kwa hiyo siku mwanangu aliponipeleka kwenye ukumbi wa kanisa wa Watonga, kusini mwa Auckland, New Zealand, sikuhitaji mkalimani.

Binti mmoja mshairi alikuwa amealikwa kwenye tamasha la kimataifa la ushairi. Waandaaji walimwahidi malazi na chakula, nauli ajitafutie. Basi wenziwe wakamtafutia. Alitoka kucheza tau'olunga, ngoma ya mwanamke mmoja, mikono ikizungumza polepole, ngozi ikimeremeta kwa mafuta ya nazi. Mabibi wakainuka mmoja baada ya mwingine wakambandika noti mabegani na mikononi, na mafuta yakazishika. Zilizoanguka ziliokotwa na watoto zikatiwa kapuni.

Kitendo hicho Watonga hukiita fakapale, yaani kumpa mtu tuzo. Sisi tunasema kutunza. Tangu usiku ule nimekuwa nikifuatilia habari za washairi wa Bahari ya Pasifiki, viliko visiwa vyao, nijue walisafiri vipi na kwa mali ya nani.

Katika Tonga mtungaji huitwa punake. Hutunga maneno, akayatia sauti, kisha akawapangia wachezaji miondoko yake. Zamani bahari yao ilivukwa kwa kalia, chombo kikubwa cha mitumbwi miwili iliyofungamanishwa kwa sitaha. Mti bora wa kuundia, uitwao vesi, ulipatikana visiwa vya Lau, mashariki ya Fiji, hivyo Watonga walikwenda kuishi huko mpaka chombo kiishe. Matanga yalisukwa kwa majani ya mkadi, wa jamii moja na huu ambao maua yake wanawake wa Unguja tunayapenda kwa harufu. Kuna waliokata miti, waliosuka, waliopakia vyakula. Aliyepanda chombo kile alikuwa amebebwa na jasho la watu wengi.

Kisha wakaja wamisionari, na sheria za mwaka 1850 zikapiga marufuku ngoma. Ushairi wa Tonga haukufa. Baadaye, katika karne ile ile ya 19, ulikua kupitia lakalaka, ambamo mamia ya watu huimba shairi moja huku wakicheza wamejipanga safu. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza lakalaka kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu.

Mtungaji wa Tonga aliyejulikana zaidi duniani alikuwa mtawala wao, Malkia Sālote Tupou wa Tatu, aliyetawala kuanzia 1918 hadi 1965 na kutunga nyimbo zaidi ya 100. Tarehe 2 Juni 1953 alikuwa London kwenye kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Mvua ilinyesha, magari ya farasi yakafunikwa, yeye akataka lake libaki wazi. Akapita akilowa, akiwapungia watu, na mji mzima ukampenda. Wazee wetu waliutaja sana msafara ule kwa kuwa Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Haroub, naye alikuwamo.

Malkia ana taifa la kumpeleka. Mwalimu wa skuli anayetunga usiku baada ya kusahihisha madaftari ana nani? Swali hilo lilipata jibu la kwanza mwaka 1972, Tamasha la Sanaa za Pasifiki Kusini lilipofanyika mara ya kwanza, mjini Suva, Fiji. Visiwa vilihofia sanaa zao kupotea, vikakubaliana kukutana kila baada ya miaka minne, kila mara kwa mwenyeji mwingine. Katika miaka hiyo hiyo Suva, kwenye Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini kilichofunguliwa mwaka 1968, Marjorie Crocombe wa Visiwa vya Cook na wenzake walianzisha jarida la Mana ili kazi za waandishi wa visiwani zichapwe kwao. Mwaka 1974 Konai Helu Thaman, mwalimu kutoka Tonga, akatoa diwani yake ya kwanza.

Lakini majukwaa makubwa yalibaki mbali. Kutoka Nuku'alofa hadi London ni zaidi ya kilomita 16,000. Mwaka 2012, kabla ya Olimpiki, London iliandaa tamasha lililokusudia kukutanisha washairi wa nchi zote 204 zilizoshiriki michezo. Tonga iliwakilishwa na Karlo Mila, na Visiwa vya Marshall na Kathy Jetñil-Kijiner, binti wa nchi ambako Marekani ililipua mabomu ya nyuklia 67 kati ya 1946 na 1958. Miaka miwili baadaye, Septemba 2014, Jetñil-Kijiner alisimama Umoja wa Mataifa, New York, akawasomea viongozi wa dunia shairi alilomtungia mwanawe mchanga kuhusu bahari inayopanda. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi.

Mimi ni mtu wa hesabu za mlangoni, na hesabu hii naielewa. Nchi ambayo wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani ilisikilizwa kwa sababu mshairi wake alifika. Mabibi wa Auckland walilijua hilo walipokuwa wakibandika noti. Walikuwa wakiunda kalia yao.

Kwetu, kadi za mchango wa harusi hutufikia kila mwezi nasi hutoa kwa moyo mkunjufu, kwa shughuli ya siku moja. Ikikufikia kadi ya mshairi aliyealikwa ugenini, usiiweke chini ya nyingine. Mtunze angali na safari mbele yake, maana anakwenda kututaja sisi.