Inama Uangalie Springi

Mimi ni mtoto wa Chwele, na kama umewahi kushuka pale stejini siku ya soko unajua ninachosema. Unakuta Probox imeinua mgongo kama paka aliyeona mbwa. Haina mtu, nyuma iko juu, pua imeelekea chini. Kisha inajazwa. Wanne mbele, watano katikati, wengine kwenye buti pamoja na magunia ya vitunguu, na kwa muujiza fulani sasa inakaa sawa kabisa. Watu wanapiga video, wanacheka, wanasema Toyota iliunda chuma.

Hapana. Toyota iliunda gari la watu watano. Kilichoifanya ibebe kumi na mmoja kilifanyiwa gereji, na kwa gari moja ninalolijua vizuri sana kilifanywa na khocha wangu, kaka yake mama.

Nitarudi kwa khocha. Kwanza twende Marekani mwaka 1949, kwa sababu hii kitu tunayodhani tumeivumbua sisi ina wazee wake.

Kule kuna mashindano yanaitwa NASCAR. Yalianzishwa na Bill France, fundi na dereva, aliyewaita wenzake kwenye hoteli moja Daytona Beach, Florida, Desemba 1947. Februari 1948 chama kikaandikishwa. Wazo lilikuwa rahisi na la kibiashara: mtu wa kawaida alipe kiingilio aone gari kama lile alilopaki nje likishindana. Si gari la maabara. Gari la dukani. Mbio za kwanza zenye sharti hilo, kwamba gari liwe jinsi lilivyotoka kiwandani, zilifanyika Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Glenn Dunaway, kwa Ford ya 1947. Wakaguzi wakaingia chini ya gari. Wakatoka na kusema ushindi umefutwa, apewe Jim Roper aliyekuwa na Lincoln. Kosa? Springi za nyuma zilikuwa zimechezewa.

Sasa sikia utamu wake. Ile Ford ilikuwa gari la kubeba pombe haramu. Milima ya kusini mwa Marekani ilikuwa na watu wanaopika pombe kali vichakani, ile ile hadithi ya chang'aa, na usiku vijana waliisafirisha mjini wakikimbia polisi. Ukipakia galoni nyingi nyuma, gari linakaa chini, taa zinamulika juu ya miti, na karao hahitaji digrii kujua umebeba nini. Kwa hiyo mafundi walifanya springi za nyuma ziwe ngumu. Gari likijaa linaonekana tupu. Na zaidi ya hapo, kwenye kona haliyumbi sana. Mwenye gari alikwenda mahakamani kudai dola 10,000. Jaji akatupa kesi nje, akasema wenye mbio wana haki ya kusimamia sheria zao.

Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu kwa matatu mpaka mama mmoja akanisogelea mbali. Mbio za kwanza kabisa za gari la dukani zikaharibiwa na ujanja ule ule wa stejini kwetu!

Sayansi yake si ngumu. Springi ya kawaida, ile ya mzunguko, ukiiwekea kilo 50 inabonyea kiasi fulani, ukiweka 100 inabonyea mara mbili ya hapo, mpaka mizunguko igusane na basi, hakuna springi tena, kuna chuma juu ya chuma na mgongo wako ndio unaomaliza kazi. Fundi wa kwetu anachofanya ni kusukuma vipande vya raba ngumu katikati ya mizunguko. Mizunguko iliyozibwa haifanyi kazi, inabaki michache, na springi yenye mizunguko michache ni ngumu zaidi. Ndiyo maana gari likiwa tupu linarukaruka kama mbuzi na mgongo uko juu. Linangoja mzigo.

Khocha alijifunzia hii kazi Kitale miaka ya themanini, na ukimuuliza atakwambia mwalimu wake halisi ni Safari Rally. Pasaka ikifika gereji ilifungwa, vijana wanapanda pikapu kwenda upande wa Cherangani kuona magari yakipita. Wenzake walitazama madereva. Yeye anasema alitazama chini ya magari.

Na hapo ndipo nina ugomvi na jinsi tunavyosimulia Safari. Tunaisimulia kama hadithi ya mashujaa, nani alishinda mwaka gani. Lakini ilianza kama NASCAR ilivyoanza: mbio za gari la dukani. Mara ya kwanza ilikuwa 27 Mei hadi 1 Juni 1953, ikiitwa East African Coronation Safari, sherehe ya kutawazwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. (Ndiyo, wakoloni wakijifurahisha katikati ya hali ya hatari. Hiyo ni post nyingine.) Miaka ile ya mwanzo magari yaligawanywa makundi kwa bei yake dukani. Fikiria hiyo! Swali halikuwa nani ana gari kali. Swali lilikuwa, kwa pesa hii, gari gani litarudi nyumbani?

Jibu la kwanza lilikuwa Volkswagen, kile kikobe. Mwaka 1954 na 1957 kilishinda, na 1962 tena. Kwa nini gari dogo lenye nguvu ya kuazima? Injini yake inapozwa na hewa, haina rejeta ya kutobolewa na jiwe. Injini iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo kwenye matope uzito uko pale unapotakiwa. Na tumbo lake ni bapa, linateleza juu ya tope badala ya kunasa.

Halafu ikaja Peugeot 404: 1963, 1966, 1967, 1968. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi saba. Saba! Mwaka 1968 tena saba. Peugeot haikushinda kwa kukimbia. Ilishinda kwa springi ndefu na laini, zenye nafasi kubwa ya kubonyea na kurudi, hivyo gurudumu linabaki limegusa ardhi wakati magari mengine yako hewani. Gurudumu lililo hewani halisukumi, halipigi kona na halifungi breki. Weka hiyo sentensi kichwani, tutaihitaji.

Na hewa yenyewe. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Pale hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Tena kabureta iliyosetiwa Pwani ikipanda huku inamwaga mafuta mengi kuliko hewa, gari linatoa moshi mweusi na kukohoa. Gari moja, siku chache, kutoka joto la baharini mpaka baridi ya nyanda za juu, kutoka vumbi mpaka ule udongo mweusi unaoshika kama gundi. Haya ndiyo maabara yetu, na hayakujengwa na chuo.

Mtu aliyeelewa maabara hayo kuliko wengi ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, 1932. Kabla ya kuwa "Simba wa Kenya" alikuwa fundi, alifundishwa spana na baba yake. Mwaka 1965 alishinda na kaka yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Used, kama ya kwako. Magari 85 yaliondoka, 16 yakamaliza. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Lakini namba yangu ninayoipenda ni hii: katika Safari 22 alizoingia alimaliza 19. Hiyo si kasi. Hiyo ni fundi anayejua gari lake litavumilia nini na halitavumilia nini.

Mpaka 1972 hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyekuwa ameishinda. Mwaka huo Hannu Mikkola wa Finland akaichukua na Ford Escort, na taratibu pesa za viwanda zikaingia. Helikopta juu, mabomba ya kuvutia hewa yamepandishwa mpaka juu ya paa ili injini isinywe maji mtoni, vyuma mbele vya kugonga ng'ombe. Magari mazuri, sikatai, lakini dukani hayapo. Ian Duncan alishinda 1994 na Toyota Celica, na tangu hapo hakuna Mkenya aliyeshinda Safari ikiwa ya ubingwa wa dunia, hata baada ya kurudi Naivasha 2021. NASCAR nayo ilipita njia hiyo hiyo. Leo gari la kule lina jina na sura ya gari la dukani, lakini ndani ni fremu ya mabomba ya chuma iliyoundwa kwa mbio tu.

Kwa hiyo gari la dukani lilikwenda wapi? Lilikuja kwetu. Lilikuwa matatu. Peugeot 504 iliyoshinda Safari 1975 ilikuwa na ndugu yake wa mwili mrefu, mwenye safu tatu za viti na springi nne nyuma, mbili kila upande. Kuka anasimulia Peugeot za Bungoma kwenda Nairobi kama vijana wanavyosimulia nganya. Halafu Peugeot zikachoka, na ikaja Probox.

Sasa khocha.

Desemba jana nilipanda Probox kutoka Chwele kwenda Kimilili, tukiwa kumi na mmoja. Nilikuwa kwenye buti, goti la mtu kwenye mbavu. Kwenye mteremko wa kushuka mtoni dereva alikanyaga breki, ikashika. Akakanyaga tena, ikashika kidogo. Mara ya tatu nilisikia pedali ikigonga sakafu. Tuliingia shamba la miwa. Miwa ilituokoa, mazee, sidanganyi. Mama mmoja alivunjika mkono mara mbili. Mimi nilishonwa paji la uso.

Nilipokuwa nimekaa pale kwenye majani damu ikinidondoka, gari limelala ubavu, niliona springi za nyuma. Zile raba nilizijua. Zinakatwa kutoka tairi la lori, kwa msumeno ule ule, kwenye benchi nililokulia.

Hesabu niliifanya baadaye. Probox ni kama tani moja. Watu kumi na mmoja wa kilo 65 ni kilo 715, bila vitunguu. Breki hazisimamishi gari kwa uchawi, zinageuza mwendo kuwa joto. Uzito ukiongezeka, joto linaongezeka. Mwendo ni mbaya zaidi: kutoka 60 hadi 80 kwa saa, joto la kumezwa linakaribia kuongezeka mara mbili. Mafuta ya breki yaliyozeeka yana maji ndani, maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo ile pedali iliyogonga sakafu. Timu za Safari zikikaza springi zilibadilisha breki, shoki, matairi, zikachomelea bodi upya. Stejini tunabadilisha kitu kimoja, kile kinachoongeza abiria.

Khocha si mtu wa kukosoa ovyo. Mwaka wa tohara yangu ndiye aliyenivisha luliki shingoni. Nilikaa wiki mbili kabla ya kwenda gereji, na bandeji yangu.

"Khocha, zile springi uliweka wewe?"

"Niliweka."

"Na breki?"

Alifuta mikono muda mrefu. "Hakuitisha breki, mwana wa dada. Alikuja na pesa ya springi."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kazi ya fundi ni kuletewa shida na kuitatua. Lakini 1949, kwenye mbio za burudani tu, mtu aliinama akaangalia chini ya gari. Mwaka 2001 Dale Earnhardt alipokufa Daytona, kabla mwaka haujaisha NASCAR ilikuwa imelazimisha kila dereva avae kifaa cha kuzuia shingo. Sisi kizuizini tunahesabiwa vichwa. Hakuna anayeinama, abiria hatuinami, na sisi wenye simu tunapiga video ya mgongo wa gari tukiweka emoji za kucheka. Nilizipiga pia. Moja ilipata views nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti.

Wiki moja baada ya mazungumzo yetu kijana mwingine alileta Probox yake, mpya mpya kutoka Mombasa. Khocha akamwambia springi ataweka, ila aanze na breki, pedi na mafuta mapya, na akamtajia bei. Kijana akasema atafikiria. Kuna gereji nyingine hatua hamsini kutoka hapo, kando ya wauza mitumba.

Siku ya soko iliyofuata niliiona stejini. Mgongo juu.