Mwalimu wa UPE na Maana ya Sifa

Uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu mwenye sifa huonekana kuwa suala la hesabu tu. Historia ya Tanzania yatufundisha kuuliza kwanza: sifa zipi? Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule ya msingi awe darasani. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Wahitimu wa darasa la saba wakachukuliwa, wakajifunza ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na redio. Hilo liliwezekana kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967. Ada ilipofutwa na MMEM kuanza mwaka 2002, msongamano ulirudi, na mafunzo yakafupishwa tena: mwaka mmoja chuoni, mmoja shuleni. Mara zote mbili watoto walipata mwalimu. Lakini kipimo cha sifa kilishushwa ili hesabu itimie. Atakayesoma takwimu hizo bila kukikumbuka kipimo hicho atahesabu walimu, asijue walifundishwa nini.