Namna ya kuandika papie ya redio juu ya mchezo wa video

Siku ya posho, kuanzia saa nane ya mchana, ukipita Mudzipela, Nyakasanza ao Bankoko utakuta vile vyumba vidogo vya michezo vimeshajaa. Ndani kuna televizyo mbili ao tatu, na manete zenye kamba zilishafungwa na skochi. Kijana analipa, anacheza, analipa tena. Wengine wanachezea katika telefone, bora mega iko. Pesa yenye inaingia mule ni kidogo kidogo, lakini ni ya kila siku, na mara mingi ilikuwa pesa ya kalamu ao ya mkate.

Kwa hiyo, mtu wa redio mwenye anaongea juu ya mchezo wa video anaongea juu ya pesa ya nyumba za watu. Makala hii ni kwa vijana wenye wanajifunza kazi kwenye redio za mtaa, na kwa wanafunzi wenye wanatengeneza video ndogo na telefone. Inaeleza namna ya kuandika papie, ni kusema maandishi ya kusoma hewani, yenye kumfanya msikilizaji akubali ao akatae mchezo kwa sababu zenye anaweza kupima yeye mwenyewe.

Kushawishi na kutangaza

Tangazo linalipwa na mwenye kuuza, na kazi yake ni kusifu. Papie ya uhakiki inafanya kazi kwa ajili ya msikilizaji. Inatoa uamuzi, kisha inaonyesha sababu. Ukisifu tu, watu watasema umelipwa. Ukilaumu tu, vijana watafunga redio. Kama mwenye chumba cha michezo amekupatia kucheza bure juu ya kazi yako, useme hewani. Jambo hilo likijulikana nyuma, papie zako zote zitakuwa bure.

Mbele ya kuandika kitu chochote, andika uamuzi wako katika sentensi moja. Mfano: "Mchezo huu ni mzuri kwa kijana mwenye anajilipia, lakini haufai mtoto wa shule ya msingi." Ukishindwa kuandika sentensi ile, haujacheza vya kutosha. Rudia kucheza.

Papie yangu ya kwanza ilikosa kitu kile. Niliongea dakika tano, nikasifu picha, nikasifu sauti, nikataja majina ya wachezaji wote. Kisha mama mmoja akapiga telefone, akaniuliza: "Mwana, nimesikiliza yote. Sasa mtoto nimpe ile franka mia tano ao nisimpe?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile, ulizo la mama yule ndilo naandika juu ya karatasi mbele ya kuanza.

Mambo ya kuchunguza wakati unacheza

Cheza na kalamu mkononi. Usiandike kwa kusikia ya watu, na usichukue maneno ya matangazo. Tafuta mambo haya:

Jina la kweli. Hapa wengi wanaendelea kusema FIFA, lakini tangu mwaka 2023 mchezo ule wa kampuni ya EA unaitwa EA Sports FC. PES ya Konami nayo iligeuka eFootball mwaka 2021, na kuingia ndani ni bure. Katika vyumba vyetu matoleo ya zamani yangali yanachezwa. Sema ni toleo gani umecheza.

Bei yote. Usitaje bei ya mara moja tu. Tuseme mchezo mmoja ni franka 500 na mtoto anaenda siku sita kwa juma. Ile ni franka 3.000 kwa juma na 12.000 kwa mwezi. Mzazi akisikia 500 ananyamaza, lakini akisikia 12.000 anakaa chini. Kwa mchezo wa telefone, pima mega zenye zimekula, na kama betri imeisha mbele ya saa yake.

Umri. Ulaya kuna alama ya PEGI tangu 2003, yenye inagawa michezo kwa umri: 3, 7, 12, 16 na 18. GTA San Andreas, yenye watoto wengi wanaifahamu, iko na alama ya 18. Ni jambo dogo la kusema hewani, lakini wazazi wengi hawajalisikia hata siku moja.

Lugha na muda. Mchezo unaongea Kifaransa ao Kiingereza tu? Mtu anaweza kusimamisha katikati na kuenda kuchota maji, ao akiacha anapoteza yote?

Mpangilio wa papie

Kwa kipimo changu, dakika moja ya kusoma bila kukimbia ni karibu maneno 120. Papie ya dakika moja na nusu inatosha. Panga hivi: anza na mtu ao tendo lenye msikilizaji anajua, sema mchezo unachezwa namna gani, toa sifa moja kubwa na mfano wake, toa kasoro na mfano wake, malizia na uamuzi, ukitaja ni nani anafaa na nani hafai.

Kumbuka kama msikilizaji haoni picha. Ukimwambia "picha ziko kali", hana kitu cha kushika. Mwambie: "Unaona jasho kwenye uso wa mchezaji, na mvua ikinyesha mpira unakwama." Tumia sentensi fupi. Rudilia jina la mchezo mara mbili ao tatu, sababu kuna mwenye alifungua redio katikati, na mwingine iko karibu na jenereta na anasikia nusu. Kisha soma kwa sauti mbele ya mtu mwenye hachezi. Pale atakunja uso, ndipo pa kusahihisha.

Kasoro usiifiche mwishoni. Msikilizaji akisikia umetaja ubaya kwa haki, ataamini na uzuri wenye unasema. Hata mfuasi wa mchezo ule atakubali, bora aone kweli umeucheza.

Sauti za risasi: usiweke

Hapa ndipo kazi yetu inatofautiana na ile ya mtu wa Ulaya. Michezo mingi yenye inapendwa ni ya vita, na mtu wa kupanga sauti anaona vizuri kuanzisha papie na milio ya risasi. Katika Ituri hapana. Jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, na miaka mingi mbele ya ile watu walikuwa wanakimbia. Redio yetu inasikilizwa na familia zenye zilitoka Djugu na Irumu, na zenye ziko katika kambi ya Kigonze. Redio yenye iko juu ya dirisha la jirani, usiku, haisemi kama ni mchezo.

Mimi nilifanya kosa lile mara moja, sekunde nne tu, saa moja ya usiku. Telefone za studio zililia nusu saa. Mzee mmoja alisema wajukuu wake walishaingia chini ya kitanda. Tuliomba samaha hewani, lakini hofu haifutwi na samaha. Tumia sauti ya manete, kelele za vijana wakishangilia, ao muziki wa mchezo. Risasi uitaje kwa mdomo tu.

Mfano wa papie nzima

"Mama, baba, mtoto ameomba telefone kwa dakika kumi tu. Pengine anasema kweli: mzunguko mmoja wa Free Fire unachukua karibu dakika 10. Shida ni kwamba nyuma ya mmoja kuna mwingine.

Watu 50 wanashuka na parashuti kwenye kisiwa. Wanatafuta silaha, nafasi ya kusimama inapunguka kidogo kidogo, na mwenye anabaki wa mwisho ndiye anashinda. Free Fire ni bure kuingia, na inachezeka hata katika telefone ya bei ya chini. Ukicheza na wenzako mnajifunza kusikilizana: mwenye anakimbia peke yake ndiye anaanguka wa kwanza. Ile ni sifa yake.

Kasoro yake ni almasi. Nguo na vipambo vya mchezaji vinauzwa kwa almasi, na almasi inalipwa na pesa ya kweli. Mtoto anaona mwenzake amevaa vizuri, naye anataka. Tena ni mchezo wa kuuana, katika jimbo lenye watoto wengi walishakimbia risasi za kweli.

Uamuzi wangu: kijana mkubwa mwenye anajilipia mega, acheze Free Fire na ajiwekee saa ya kuacha. Mtoto wa shule ya msingi, hapana. Na wewe mzazi, badilisha namba ya siri ya pesa katika telefone yako leo hii."

Angalia kama papie hii haimtukani mchezaji, na haimwogopeshi mzazi bure. Kila sababu inaweza kupimwa: muda, almasi, idadi ya watu. Mtu akikataa uamuzi, atabishana na sababu zenyewe, hatabishana na mwandishi.

Michezo yenye inatuhusu

Mwandishi wa hapa asingoje tu michezo ya mpira na ya vita. Jirani yetu Lual Mayen, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka akamnunulia ordinatere ya dola 300, naye alikuwa anatembea masaa matatu kwa mguu ili kuichaji. Alijifunza mwenyewe, akatengeneza mchezo wa Salaam, juu ya mkimbizi mwenye anatafuta chakula, maji na usalama. Mwaka 2018 aliheshimiwa katika sherehe ya The Game Awards kule Marekani. Hapa Bunia, ambako wengi wameshabeba godoro kichwani, papie juu ya mchezo wa namna ile haihitaji maneno mengi.

Kuna Aurion, yenye ilitoka mwaka 2016 kwa mikono ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, na hadithi yake ni ya Kiafrika. Kuna pia Phone Story ya mwaka 2011, yenye inaanza kwenye shimo la koltani huku Kongo, mchezaji akilazimishwa kusukuma watoto wafanye kazi. Apple iliiondoa katika duka lake mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Hapo ulizo la uhakiki ni zito: je, mchezo unafungua macho ya watu, ao unachezea mateso yetu? Toa uamuzi wako, na sababu zake.

Mbele ya kuingia studio

Jiulize mambo matano. Nimecheza mimi mwenyewe? Bei ya mwezi mzima nimeitaja? Kasoro iko ndani? Kuna sauti yenye inaweza kutisha mtu? Na yule mama wa franka mia tano, akizima redio sasa hivi, atajua la kufanya? Kama jibu la ulizo moja ni baya, papie ingali haijakomaa. Irudishe mezani, hata kama saa ya kipindi imekaribia.