Umri wa bibi harusi: Sheria ya 1971 iliyoishinda Sheria ya Mtoto

Kila ifikapo Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 husifiwa majukwaani, na inastahili. Iliingiza katika sheria za Tanzania Bara ahadi tulizoziridhia mwaka 1991 kupitia Mkataba wa Haki za Mtoto, ikatamka kwamba mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Lakini Sheria ya Mtoto haikupiga marufuku ndoa za utotoni. Suala hilo liliachiwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kwa mengi ilitangulia wakati wake: iliziweka ndoa za dini, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja, ikampa mke haki ya mgawo wa mali ndoa ikivunjika. Hata hivyo, kifungu cha 13 kilimtaka mvulana afikishe miaka 18 na msichana 15, huku mahakama ikiweza kuruhusu hata wa miaka 14. Kifungu cha 17 kikadai ridhaa ya baba, au ya mama iwapo baba amefariki, kwa binti asiyetimiza 18.

Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu, Dar es Salaam, akisema vinakiuka usawa unaolindwa na Katiba. Julai 8 mahakama ilikubaliana naye, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Hoja zake zinafaa kusikilizwa, maana ndizo hoja za wazazi wengi: kwamba msichana hupevuka mapema kuliko mvulana, kwamba ndoa humsitiri binti aliyepata mimba, na kwamba mila na dini zina utaratibu wake. Lakini kuvunja ungo si kukomaa kwa akili wala kwa nyonga. Sitara inayomtoa binti darasani na kumkabidhi kwa aliyempa mimba humhifadhi zaidi mwanamume huyo. Na kama mila na dini ndizo kipimo, mbona mvulana wa dini ileile na kabila lilelile aliwekewa 18? Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa, ikieleza pia kwamba Sheria ya Ndoa ndiyo inayotawala mambo ya ndoa mbele ya kanuni za kimila na za Kiislamu.

Mwaka mmoja ukapita bila Bunge kurekebisha chochote. Wapo wanaosema sheria haitamaliza umaskini unaowaozesha mabinti, na ni kweli: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 31 katika kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya 18. Lakini baba maskini anayeshinikizwa na mwenye mahari anahitaji sheria ya kumsaidia kukataa, na sheria ya 1971 ilimpa mwenye mahari hoja. Wala kubadili kifungu cha 13 peke yake hakutoshi. Tangu 1998 Kanuni ya Adhabu huhesabu tendo la ndoa na msichana chini ya miaka 18 kuwa ubakaji, isipokuwa akiwa mke mwenye miaka 15 au zaidi. Msamaha huo nao lazima ufutwe.