Mali bila daftari: kisa cha kijiji cha Kuta, Lombok

Juma hili nawapeleka mbali, hadi Indonesia, kwenye kijiji cha pwani kiitwacho Kuta. Msikichanganye na Kuta ya kisiwa cha Bali, ile yenye mahoteli na kelele za usiku. Kuta yetu ya leo iko kusini mwa kisiwa cha Lombok, mashariki ya Bali. Wenyeji wake ni Wasasak, na wengi wao ni Waislamu. Wavuvi wao hutumia mitumbwi yenye mirengu pande zote mbili, kama ngalawa zetu; na wataalamu wengi wanaamini kwamba ufundi huo uliletwa huku kwetu na mabaharia wa upande ule, karne nyingi zilizopita.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeionea wivu Kuta. Kusini mwa Lombok ni pakavu, na mvua yake si ya kutegemewa. Mwaka 1966 eneo hilo lilipigwa na njaa iliyoua watu wengi. Hata baadaye, vijana wengi wa Lombok walikwenda kutafuta kibarua Malaysia, na wanawake wakavuka bahari kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia. Ardhi ya ufukweni ilikuwa ya kulishia nyati, kupanda minazi na kuanika samaki. Siku kubwa ya mwaka ilikuwa ile ya kuvua nyale, minyoo ya baharini inayoibuka kwa wingi usiku mmoja au miwili, kwa kawaida mwezi Februari au Machi. Wasasak husimulia kwamba minyoo hiyo ni mwili wa Binti Mfalme Mandalika, aliyejitosa baharini ili wachumba waliomgombea wasimwage damu kwa ajili yake.

Shikeni jina hilo, Mandalika. Tutakutana nalo tena, limeandikwa kwenye ubao wa mradi.

Sasa tuingie kwenye sheria, maana ndiko kisa kilikoanzia. Waholanzi walipoitawala Indonesia walitunga sheria ya ardhi mwaka 1870, ikaanzia Java. Kiini chake kilikuwa kifupi: ardhi ambayo mtu hawezi kuthibitisha kuwa ni yake ni ya dola. Lombok yenyewe waliiteka mwaka 1894, wakiipokonya kwa wafalme wenye asili ya Bali. Baada ya uhuru, serikali ya Sukarno ilifuta sheria hiyo na kutunga nyingine mwaka 1960. Hii mpya ilizitambua mila za wenyeji, ila zisipingane na maslahi ya taifa. Ikasema pia kwamba umiliki kamili wa ardhi ni wa raia wa Indonesia peke yake. Mgeni anaweza kupewa haki ya kutumia au kupanga kwa muda, basi.

Kwenye karatasi, sheria ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba mwanakijiji wa Kuta hakuwa na karatasi. Alikuwa na mnazi uliopandwa na babu, alikuwa na kaburi la bibi, na pengine alikuwa na stakabadhi ya kodi ya shamba. Stakabadhi ya kodi si hati ya kumiliki. Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kweli ilianza kupotea. Vijana wa Kizungu wapenda mawimbi waliigundua pwani ile, na wenyeji wakafungua vibanda vya kulala wageni. Kisha, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Suharto, kampuni ya maendeleo ya utalii ilianza kukusanya ardhi ya pwani kwa ajili ya mahoteli makubwa. Wapo wanakijiji waliouza. Wapo waliosema walilipwa kidogo kwa kuogopa wakubwa, na wapo waliosema hawakuuza kabisa, bali waliuziwa na wengine. Mwaka 1997 uchumi ukaporomoka, na mwezi Mei 1998 Suharto akang'oka. Mahoteli mengi hayakujengwa. Watu wakarudi na nyati wao kwenye mashamba yale yale, wakalima, wakajenga, wakazaa.

Hati, hata hivyo, hazikuondoka kabatini. Mwaka 2008 kampuni ya Emaar ya Dubai ilikuja na mpango wake, nao ukafa. Mwaka 2014 serikali ikaitangaza Mandalika kuwa ukanda maalumu wa uchumi, zaidi ya hekta 1,000, chini ya shirika la umma la utalii. Mwaka 2018 benki ya miundombinu ya Asia, yenye makao yake Beijing, iliidhinisha mkopo wa dola milioni 248.4. Ikajengwa barabara ya mashindano ya pikipiki yenye urefu wa kilomita 4.3, na mwezi Machi 2022 dunia ikatazama mbio za MotoGP pale, mvua ikinyesha na mganga wa mvua akizunguka na bakuli lake kuifukuza.

Kabla ya shangwe hizo, mwezi Machi 2021, wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walitoa taarifa kuhusu madai ya kupokonywa ardhi na kufukuzwa watu. Serikali na shirika lile walikanusha, wakisema ardhi yao ni halali. Familia kadhaa zilibaki zikiishi ndani ya uzio wa uwanja, zikingoja haki yao.

Leo vilima vilivyo nje ya ukanda huo vinajaa nyumba za kifahari. Madalali huwaambia wageni kwamba Kuta ni Bali ya kesho. Mgeni asiyeweza kumiliki huandikisha kiwanja kwa jina la rafiki mwenyeji. Sheria ya mwaka 1960 iko wazi: mauzo ya namna hiyo ni batili, na ardhi inarudi kwa dola. Kwa hiyo hata mwenye pesa anaweza kujikuta mahali alipokuwa mvuvi: anaishi juu ya ardhi ambayo karatasi yake ina jina la mwingine. Na asisahau kwamba kisiwa hicho kilitikiswa na tetemeko la Agosti 2018 lililoua zaidi ya watu 500, ingawa madhara makubwa yalikuwa kaskazini.

Mimi sisemi utalii ni ubaya. Barabara imekuja, uwanja wa ndege ulifunguliwa mwaka 2011, na wapo vijana waliopata kazi bila kwenda Malaysia. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kama kabla ya mgeni kufika hajapimiwa shamba lake. Tangu 2017 serikali ya Indonesia imeharakisha kupima viwanja na kugawa hati kwa raia wake. Ni jambo la kupongezwa. Kwa watu wa Kuta lilichelewa kwa miaka 30 hivi.

Binti Mfalme alijitoa ili watu wake wasigombane. Jina lake sasa liko langoni mwa ardhi inayogombaniwa. Tukutane juma lijalo.